Mtani Hapigwi

Landrova lilikuwa likining'inia hewani kwa siku ya tatu sasa, kimo cha paa, pua imeelekea Mafinga utadhani limo safarini. Binadamu hashindwi kuzoea. Kandida Luambano, mshonaji wa mavazi ya filamu, alikwisha kuanza kuanika nguo chini ya tumbo lake, maana ndipo mahali pekee uwanjani palipokuwa pakavu.

Sekunda Mhavile hakulizoea. Kila alipotoka ndani ya kile kiwanda cha mbao kilichofungwa miaka mingi, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha abiria, na kupitia kioo aliiona chupa ya chai nyekundu imeegemea mlango. Chupa ile haikuwa na chai. Ilikuwa na dawa ya sindano ya kisukari, na barafu iliyokwisha kuwa maji tangu Jumatatu. Mwenye dawa, Mzee Otmari Gama, alikuwa amelazwa juu ya meza ya kurandia mbao, na leo ilikuwa Jumatano.

"Amemaliza ndoo nzima," alisema Kandida, akikamua soksi. "Anakunywa, anakojoa, anakunywa. Na pumzi yake, dada, inanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Bado saa tatu na nusu mpaka saa sita mchana. Sekunda aliogopa, na alikuwa amechoka kuogopa, na hapakuwa na pa kwenda.

Mwezi wa sita huko Mufindi ukungu ni jirani tu. Huja bila kualikwa, hukaa mpaka saa nne, kisha hujiondokea. Huu ulikuja Jumatatu asubuhi, ukakizunguka kiwanda, ukagoma kuondoka. Alto Kiwele, fundi sauti, ndiye aliyekwenda kuujaribu. Alinyoosha mkono, mkono ukakwama kwenye kitu kisichoonekana, baridi, chenye unyevu. Akarudi ameukunja mkono kifuani, akaeleza kwa ule utaratibu wake wa mtu anayeamini kila jambo lina waya mahali fulani.

"Ukungu ni matone, dada. Tone la kawaida ukilisukuma linakupisha. Haya kila moja limemshika mwenzake. Siyo ukuta. Ni maji yaliyoambiwa yasisogee, yakatii. Nimepiga ukelele, sauti haipiti wala hairudi. Simu ndiyo usiseme."

Walikuwa wanne tu ndani ya ukungu huo, kwa sababu wenzao walikuwa wameshuka Mafinga kutafuta petroli ya jenereta na maandazi. Walikuja pale kutengeneza filamu yao ya pili ya kuchekesha kuhusu wavamizi kutoka angani. Filamu ya kwanza ilitengenezwa kimaskini kweli kweli. Wavamizi walivaa ndoo kichwani, chombo chao kilikuwa tangi la maji lililopakwa rangi ya fedha, na bunduki zao za miale zilikuwa pampu za baiskeli. Lakini watu waliipenda, hasa kwa ajili ya Mzee Otmari. Aliigiza mzee wa Kingoni asiyejali uvamizi wala nini, anayetaka chai yake tu. Wakimtishia kumchoma, anasema, "Nipeni chai, nakufa!" Wakimfunga kamba, "Nakufa!" Wakimfungua, "Nakufa!" Hafi ng'o. Mitaani watoto walikuwa wakiliimba neno hilo.

Mwisho wa filamu, kwa jinsi Sekunda alivyoandika, mzee alitakiwa kusalimu amri. Siku ya kupiga picha Otmari akaliacha andiko, akawasogelea wale wenye ndoo, akawanyooshea kidole. Akasema babu zake Wangoni walipigana na Wahehe mpaka pande zote zikachoka kuzika, ndipo wakaanza kutukanana badala ya kuuana, na huo ndio utani mpaka leo. "Sasa sisi tuanzie huko huko mwisho, tusipoteze muda. Kuanzia leo ninyi watani zangu. Mtani hapigwi. Mtani huchokozwa!" Mshika kamera alicheka mpaka picha ikatikisika. Sekunda akaiacha hivyo hivyo.

Wavamizi wenyewe wa angani, wale wa kweli, waliiona.

Hilo walilijua Jumatatu hiyo hiyo, saa sita mchana, pale spika ya Alto ilipoanza kuzungumza bila kuunganishwa na chochote. Ilizungumza kwa sauti ya Mzee Otmari mwenyewe, iliyokatwakatwa kutoka kwenye filamu na kushonwa upya, kila sentensi ikipanda na kushuka pasipo mahali pake.

"Hamjambo, watani! Tumekuja na orodha mbili. Moja ya adui, moja ya watani. Ninyi na miji yenu yote tuliwaandika kwenye ya kwanza. Tukiwa njiani tukaona filamu. Tukacheka mpaka chombo kikayumba. Tunauliza: utani ule ni wa kweli, au mlikuwa mnaigiza?"

Kisha ukungu wa juu ukafunguka kama kifuniko cha sufuria, wakaonyeshwa. Vyombo vilikuwa vimepangwa juu ya mawingu kama mbao ghalani, safu juu ya safu, mpaka jicho likakata tamaa. Kifuniko kikarudi.

Sekunda alikwisha kufungua kinywa aseme kweli, kwamba ile ni filamu tu. Mzee Otmari akamuwahi.

"Maneno yale sikuandikiwa na mtu," alisema, akimwonyesha Sekunda kwa kidole. "Muulizeni huyu Mhehe. Yalitoka kifuani mwangu. Utani ni wa kweli."

"Basi tutawachokoza siku mbili kamili, mpaka saa sita ya Jumatano," spika ikafurahi. "Mtani wa kweli hakasiriki. Mmoja wenu akikasirika, mchezo umekwisha papo hapo, tulichochukua tunarudisha; lakini mlikuwa mnaigiza, na orodha inabaki ilivyo."

Ndipo Landrova liliponyanyuliwa. Mtani akikukamatia kuku wako huendi polisi, unacheka. Walicheka. Sekunda alicheka mpaka alipoikumbuka ile chupa.

Aliiomba kwa adabu. Alieleza kwamba ndani yake mna dawa, kwamba bila dawa mzee atakufa. Spika ikalipuka. Ilicheka kicheko cha watu wengi, na kila kikipungua, mmoja wao anakirudia kwa sauti ya Otmari, "Nipeni chai, nakufa!" na wote wanaanza upya. Sekunda alieleza tena, na tena. Alisema damu, akasema sukari. "Sukari ya chai!" wakashangilia.

Hapo ndipo alipoelewa ameandika nini. Neno kufa alilitumia kama Waswahili wote wanavyolitumia, mtu anakufa kwa njaa, anakufa kwa baridi, anakufa kwa kicheko, na jioni wote wapo mezani. Wale walijifunza lugha kutoka kwake. Kwao kufa kulikuwa kichekesho, na hakuna namna aliyoijaribu iliyowatoa huko.

*

Saa tatu alikwenda kukaa karibu na meza ya kurandia. Mzee alikuwa amefunikwa makoti mawili na pazia la filamu lenye picha ya nyota. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, lakini alipomwona akatabasamu.

"Mhehe, mbona unanitazama hivyo? Mbwa wameisha kijijini?"

Wangoni huwatania Wahehe kwamba hula mbwa, na Wahehe huwarudishia kwamba wao hula panya. Ilibidi ajibu. Miaka kumi na mmoja ya kufanya kazi pamoja hajawahi kumwacha bila jibu. "Natazama kama umenenepa. Nilisikia panya wa huku wana mafuta."

"Wana mafuta, lakini hawana chumvi." Alivuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyepanda mlima. "Sikiliza, binti. Usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Unajua. Nakuona tangu jana unalitafuna neno. Ukikasirika umeua utani, na utani huu ni wangu, nimeuanzisha mimi. Sijawahi kuanzisha kitu kingine maishani zaidi ya ugomvi na mke wangu."

"Mzee, ni saa tatu tu zimebaki. Lakini wewe huna saa tatu."

"Wewe daktari?"

"Mama yangu alikufa kwa sukari. Naijua hiyo pumzi."

Mzee akasema polepole, bila mzaha hata chembe, "Babu yangu alikuwa na kovu la mkuki wa Mhehe hapa begani. Na Mhehe ndiye aliyemwosha alipokufa. Kati ya mkuki na maji yale, unajua walizikwa watu wangapi? Mimi ni mmoja. Hesabu nzuri."

Sekunda alimchukia kwa sekunde hiyo. Alimchukia kwa kumpenda, na kwa sababu alikuwa sahihi.

*

"Mimi orodha yao siijui," alisema Kandida. Walikuwa wamesimama mlangoni, watatu, wakinong'ona ingawa haikusaidia kitu. "Mnaamini spika? Kesho watasema waliongopa, siku sita badala ya mbili, halafu? Mzee nampikia uji tangu filamu ya kwanza. Huyo namjua. Sema neno, dada, chupa ishuke."

"Na kama hawakuongopa?" Alto aliuliza. "Umeviona vile vyombo. Mwanangu yuko Makambako, Kandida. Wanao wako Songea. Hatujawauliza kama wanakubali kuchomwa kwa ajili ya mtu mmoja."

"Na mzee ulimuuliza kama anakubali kuachwa?"

"Amesema mwenyewe!"

"Mgonjwa husema lolote! Sukari imempanda kichwani!"

Wote wawili walimgeukia Sekunda. Yeye ndiye aliyeandika, yeye ndiye mwelekezi, na kwa miaka yote kazi yake ilikuwa kusema moja likae na jingine liondoke. Alitazama ukungu. Ulikuwa mweupe, mtulivu, karibu kiasi cha kuugusa pande zote nne, na aliona kwamba hata ungefunguka sasa hivi yeye asingetoka. Angesema, angekuwa amewahukumu watu wa nje asiowajua idadi. Angenyamaza, angekuwa ameketi na chupa mbele ya macho yake akimwangalia mzee akikauka.

Akaenda mbele ya spika.

"Watani," alisema. "Sasa sitanii. Mnanisikia? Sicheki. Mzee anaumwa kweli. Nimekasirika. Nimekasirika na ninyi wote."

Spika ilikaa kimya. Kule juu Landrova likayumba kidogo.

"Umekasirika?" iliuliza sauti, na kwa mara ya kwanza haikupanda wala kushuka.

"Msimsikilize huyo!" Otmari alipaza sauti kutoka mezani. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko, na haikujulikana nguvu alizitoa wapi. "Amekula mbwa mwenye kichaa tangu jana! Mnamwona mate yanavyomtoka?"

Kicheko kikaangusha kimya. Kilitikisa mabati. Sekunda alipiga kelele juu yake, kwamba sivyo, kwamba ni kweli amekasirika, na kadiri alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kucheka, maana kila alilosema yeye, mzee aliligeuza mzaha. Alipolia, mzee alisema Wahehe hulia hivyo wakimkosa mbwa mnono. Alipopiga ngumi spika, mzee alisema anaiua aipeleke jikoni. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na Sekunda alisimama katikati yake kama mtu aliyezibwa mdomo, hasira yake mwenyewe ikichekwa mbinguni.

Alipogeuka, Otmari alikuwa amelala tena. Midomo ilikuwa ikicheza bila kutoa neno.

*

Saa nne na nusu, Mzee Otmari alikuwa hawezi tena kusema. Kandida alimlowesha midomo kwa kitambaa. Alto alikaa sakafuni, ameupa ukuta mgongo, ameziba masikio, fundi sauti asiyetaka kusikia pumzi ile. Ilikuwa ikija mbali, ikikaa, ikienda. Macho ya mzee yalikuwa wazi, na yalikuwa yakimtazama Sekunda.

"Mtani," spika iliita. "Mbona kimya? Mzee amechoka kutukana?"

Kandida alikilowesha kitambaa tena.

"Mtani Mhehe. Yale ya kukasirika. Tumeyajadili. Wengine wetu wanasema haikuwa mzaha. Tunakuuliza mara moja. Ulikasirika kweli?"

Sasa hapakuwa na wa kumkatiza. Lilikuwa neno moja, na chupa ingeshuka. Kandida alimtazama, akatikisa kichwa juu na chini, sema, sema. Alto alikuwa ameondoa mikono masikioni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kupigwa. Sekunda aliushika mkono wa mzee. Vidole vilijaribu kufunga juu ya vyake, vikashindwa, vikajaribu tena.

Angeweza kudai baadaye kwamba alifikiria Makambako, na Songea, na watoto. Hakufikiria. Alifikiria tu kwamba mtu huyu alitumia pumzi yake ya mwisho yenye sauti kumtukana yeye, na kwamba mtani akitukanwa hujibu.

"Nikasirike kwa ajili ya huyu?" alisema. Sauti yake ilitoka imepasuka, akaikaza. "Mngoni mzima, panya wakimsikia anakuja wanaandika wosia. Nilikuwa nawapima ninyi. Kumbe juu huko mnadanganyika upesi hivyo!"

Walicheka. Walicheka kwa faraja, ilisikika wazi, kama watu waliokuwa wameshika pumzi. Kandida alifunika uso kwa kitambaa kile kile chenye maji. Na mzee, Sekunda angeapa mbele ya kasisi, alipandisha upande mmoja wa mdomo.

Akaendelea kumtukana. Alimtukana kwa upole, sikioni, matusi yote ya miaka kumi na mmoja, ya panya na ya mkia wa panya na ya supu ya panya. Alipoishiwa akayarudia. Kabla ya saa tano na nusu pumzi ilikwenda, na wao watatu wakangoja ije, na haikuja.

*

Saa sita ukungu ulilegea. Hapakuwa na mlio wowote. Matone yaliachana tu, yakawa ukungu wa kawaida wa Mufindi, unaolowesha nyusi na kusogea mtu akiupungia mkono. Misonobari ilitokea upande wa pili, na barabara, na mbali kidogo gari la wenzao waliokuwa wamekwama siku zote hizo wakipiga honi isiyosikika. Landrova lilishuka taratibu mpaka juu ya nguo za Kandida. Mlango ulifunguka, na chupa nyekundu ikaja peke yake hewani, wima, kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kumwaga, ikatua mapajani mwa Sekunda.

"Tumeshindwa!" spika ilipiga vigelegele. "Hamkukasirika! Orodha tumeibadilisha, yote, miji yote. Mtani, mpe mzee chai yake. Ulidhani tungemnyima kweli?"

Sekunda alikaa na ile chupa. Ilikuwa nyepesi.

"Mpe anywe. Tunataka kumsikia." Kisha, baada ya muda, "Mtani. Mzee mbona hacheki?"

"Amekufa," alisema Sekunda.

Walicheka. Hakuwachukia kwa hilo, hakuwa na pa kuwekea chuki. Alitafuta kinywani mwake, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni gizani, na akalipata neno lililokuwemo humo siku zote, ambalo halikumjia kwa sababu hakuna aombaye dawa kwa neno hilo.

"Amefariki," alisema.

Kicheko kilisita.

"Neno hilo halimo kwenye filamu."

"Halimo. Niliandika kichekesho."

"Maana yake nini?"

Angeweza kuwaeleza sukari na damu na chupa. Angeweza kuwaambia ni wao, na ingekuwa kweli, na ingekuwa kweli pia kwamba ni yeye. Aliutazama uso wa mzee, ambao Kandida alikuwa amekwisha kuufumba macho.

"Maana yake," alisema, "watani waje wachimbe kaburi. Kwetu haichimbi familia. Mnachimba ninyi, na mimi."

Alto alidhani wameondoka, akainuka aitazame spika. Iliposema tena, haikusema kwa sauti ya Otmari. Walikuwa wameiweka chini. Ilikuwa sauti nyembamba, isiyo ya mtu yeyote, inayotafuta njia yake silabi kwa silabi.

"Je-mbe mna-lo?"

Hapo ndipo Sekunda alipolia, kwa sauti, mdomo wazi, bila kumficha mtu. Kandida alimshika mabega. Nje, kitu kirefu kilikuwa kikishuka polepole kati ya misonobari, na hakikuwa na ndoo kichwani.

"Moja tu," alisema alipoweza. "Tutapokezana."